Waliomngoja Boit

Tulipokuwa mwaka wa pili, mhadhiri wa somo la mazungumzo alitupa kazi ya kutangaza mchezo. Kila mwanafunzi achague shindano moja lililofanyika kweli, asimame mbele ya darasa na kulitangaza kwa Kiswahili kwa dakika 5, kama wafanyavyo watangazaji wa redio. Tulikuwa 14. Wenzangu karibu wote walichagua kandanda, kwa sababu maneno yake tulikuwa nayo tayari: golikipa, kona, mpira wa adhabu, amepiga shuti. Mimi nilichagua mbio za theluji.

Sikuchagua kwa sababu ya ujuzi. Natoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, na mtu wa Kapchorwa akiambiwa azungumzie michezo, darasa zima linajua atasema nini. Atamtaja Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012 na kuiletea Uganda dhahabu ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua ya mwaka 1972. Au atamtaja Joshua Cheptegei. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa mbio kila ninapojitambulisha, mimi ambaye nikipanda ngazi za bweni hadi ghorofa ya nne napumzika mara mbili. Nikasema nitawatafutia mtu wa jamaa zetu Wakalenjin wa Kenya, maana sisi Wasebei ni ndugu zao na lugha zetu zinasikilizana, lakini awe mtu ambaye hakushinda kitu. Ndivyo nilivyompata Philip Boit.

Huenda baadhi yenu mnazijua habari zake. Boit alizaliwa Eldoret, akawa mkimbiaji wa mita 800, mtu wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba katika mbio hizo kule Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok ili wajifunze mbio za theluji. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 20, na theluji alikuwa hajawahi kuikanyaga. Miaka 2 baadaye, tarehe 12 Februari 1998, akawa Mkenya wa kwanza kushindana katika Olimpiki ya majira ya baridi, huko Nagano nchini Japani. Mbio zake zilikuwa za kilomita 10. Alimaliza akiwa wa 92, nyuma ya wote waliomaliza.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta maneno, na hapo nilipoteza usiku mzima. Theluji tunayo kwenye kamusi. Mchezo wenyewe kamusi zinauita kuteleza kwenye theluji, lakini kuteleza kwetu ni jambo linalompata mtu bila kutaka, akitoka kisimani wakati wa mvua. Nitatangazaje kwamba mtu ameteleza vizuri sana, tena kwa ufundi, mpaka akapewa dhahabu? Vile vitu vinavyofungwa miguuni niliviita vibao, virefu kuliko mtu mwenyewe na vyembamba kama rula, na zile fimbo mbili za kujisukumia nikaziacha ziwe fimbo. Niliandika pia kuhusu nta, kwa sababu niliona bila nta hadithi haieleweki. Chini ya kila kibao hupakwa nta ili mguu ushike theluji wakati wa kusukuma na uteleze wakati wa kwenda. Nta huchaguliwa kwa hali ya theluji ya siku hiyo. Theluji ikianza kulowa, nta isiyofaa huivuta ikaganda chini ya kibao, na mtu hubeba mzigo miguuni kama sisi tunavyobeba udongo mwekundu wa Kapchorwa kwenye viatu mwezi wa Aprili. Na siku ile kule Nagano theluji ilikuwa imelowa.

Nilipofika mbele ya darasa nilianza vizuri. Nilieleza kwamba katika mbio zile washindani hawaondoki pamoja. Huachiwa mmoja mmoja, sekunde 30 kati ya mtu na mtu, kila mmoja akishindana na saa, kwa hiyo anayetazama hawezi kujua kwa macho tu nani anaongoza. Nikamtangaza Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa wa mabingwa, akipita mstari kwa dakika 27 na sekunde 24 na kujipatia dhahabu yake ya 6 ya Olimpiki. Kisha nikamrudia Boit, ambaye bado yuko msituni, peke yake kati ya miti, anateleza. Hapo mwenzangu mmoja wa nyuma akaita, "Kuteleza si kuanguka!" Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo kila niliposema "anateleza" walicheka upya. Nilipowaambia kwamba saa yake ilisimama kwenye dakika 47 na sekunde 25, yaani dakika 20 nzima nyuma ya mshindi, mtu mmoja aligonga meza kwa kicheko.

Mwisho wa hadithi niliutangaza huku wanafuta machozi. Nilisema kwamba Dæhlie, ambaye alikuwa na haki ya kwenda zake kubadilisha nguo, alibaki pale pale kwenye mstari. Waandalizi walikuwa na sherehe ya kuwatunza washindi, na mshindi mwenyewe hataki kwenda. Anamngoja Mkenya. Watazamaji nao walikuwa bado wapo, na Boit alipotokea walimshangilia mpaka mstarini. Dæhlie akamkumbatia. Darasa lilinipigia makofi, nikapewa alama nzuri. Rafiki yangu akaniambia, "Umetuchekesha kweli."

Mhadhiri ndiye aliyeniharibia furaha. Wakati natoka alinisimamisha mlangoni, akaniuliza kama mtu anayeuliza saa: "Hao watazamaji wa Nagano, walikuwa wanamcheka au wanamchekea?"

Kwa wale ambao bado hawajafika mwaka wa pili: tofauti ni irabu moja tu. Ukimcheka mtu, umemfanya kichekesho. Ukimchekea, umempa uso mkunjufu, umemkaribisha. Nilibaki na irabu ile wiki nzima.

Nilirudi kwenye simu, nikanunua kifurushi cha usiku ambacho ni nafuu, nikaanza kusoma na kutazama upya. Nikakuta kwamba swali la mhadhiri lilikuwa limeulizwa zamani. Kuna waliosema kuwa safari ya Boit ilikuwa tangazo la biashara tu, kumtia Mwafrika kwenye baridi ili viatu viuzwe. Miaka 10 kabla yake, katika Olimpiki ya Calgary ya mwaka 1988, Mwingereza mmoja aitwaye Eddie Edwards alishindana katika mchezo wa kuruka kwa vibao kutoka kwenye mteremko mrefu, akawa wa mwisho katika mashindano yote mawili aliyoingia. Umati ulimpenda kuliko washindi. Wakubwa wa mchezo hawakufurahishwa. Miaka 2 baadaye masharti ya kuingia Olimpiki yakakazwa, na mtu kama yeye asingeweza tena kupita kirahisi. Hata mimi ninayewatetea watu wa mwisho naelewa kidogo hasira ya wakubwa wale. Mtu amefanya mazoezi tangu ana miaka 5, anaruka kama ndege, na umati umemgeukia anayeanguka.

Basi watu wanaposhangilia wa mwisho wanashangilia nini? Nilijaribu kutazama nyuso za watazamaji wale kwenye video, lakini picha ni ya zamani, na kwenye kioo cha simu yangu iliyopasuka kona mtu anakuwa doa lenye kofia. Nikaacha nyuso nikaangalia kitu kingine: walikuwa bado wamesimama. Mshindi ameshapatikana, wanaojua mchezo wameshaona walichokuja kuona, hewa ni mbaya, na kule chini kuna chai ya moto. Anayetaka kucheka anaweza kucheka akiwa njiani kwenda kwenye chai. Wao walibaki.

Hapo ndipo nilipofika kwenye jambo ambalo sikulisema darasani.

Nina kaka yangu, amenizidi miaka 4. Alikuwa mkimbiaji, au tuseme alitaka kuwa. Baada ya dhahabu ya Kiprotich kila kijana wa kwetu alikuwa na raba na ndoto, naye alikuwa akiamka saa 11 alfajiri kukimbia hadi barabara kuu na kurudi kabla ya kukamua ng'ombe. Mwaka 2014 akapata nafasi katika mbio za nyika za shule. Mama alinipa kazi moja tu siku ile: nishike sweta lake, nikae mwishoni pa mbio, akifika nimvishe, maana kwetu baridi ya mlima si ya mchezo na mtu aliyetoka jasho hupata homa. Nilikuwa na miaka 12 au 13.

Nilikaa mwishoni. Wakaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu wakapiga vigelegele, na mshindi akabebwa juu juu kuelekea kwenye meza ya soda. Nami nikafuata. Nilitaka kumgusa mshindi. Kulikuwa na mvulana aliyefanikiwa kumshika mkono, nikataka na mimi. Niliporudi, sweta likiwa bado begani mwangu, utepe ulikuwa umeshakunjwa, waamuzi wamehamia mezani na kaka yangu amekaa chini kwenye nyasi peke yake, anatetemeka. Alikuwa wa mwisho. Hapakuwa na mtu wa kuandika muda wake. Hakunigombeza. Alichukua sweta akalivaa, tukarudi nyumbani kwa miguu bila kusema neno.

Kesho yake watoto wa jirani walikuwa wamempa jina: Jioni. Kwa sababu ndio wakati anaofika. Kuna jambo hapa wanafunzi wa lugha watalipenda, ingawa mimi silipendi. Kwetu majina mengi hufuata wakati mtu alipozaliwa. Kiprop alizaliwa mvua inanyesha, Kiplangat alizaliwa giza linapoingia, na hayo ni majina ya heshima. Waliotaka kumdhihaki wasingeweza kutumia neno la Kikupsabiny, maana lingekuwa jina zuri tu. Walilichukua la Kiswahili, lugha ya sokoni, ya wachuuzi wa viazi wanaovuka kutoka Kenya kupitia Suam. Nimesoma hoja nyingi kuhusu kwa nini Waganda wa zamani walikiogopa Kiswahili, lugha ya askari na ya amri. Sikuwahi kuona imeandikwa kwamba mahali pengine kilikuwa lugha ya kumtania mtu asinyanyue uso. Na mimi pia nilimwita Jioni. Si mara moja.

Aliacha kukimbia mwaka ule ule. Sisemi aliacha kwa sababu yangu. Huenda hakuwa na mbio. Lakini Boit naye siku ile hakuwa na ufundi, akarudi tena Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Torino mwaka 2006, na mtoto wake wa kiume akampa jina Dæhlie. Fikiria. Mtoto wa Kikalenjin aliyepaswa kuitwa kwa mvua au kwa alfajiri anaitwa kwa jina la Mnorway aliyesimama kwenye baridi akamngoja baba yake.

Nimejiuliza kwa nini Dæhlie alingoja. Sina jibu la uhakika, ila nina dhana ambayo naipenda. Mwaka 1994 Olimpiki ilifanyika kwao Norway, katika mji wa Lillehammer. Katika mbio za kupokezana za wanaume, yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho wa timu yake, mbele ya umati mkubwa sana uliokuja na bendera. Silvio Fauner wa Italia akampiku kwenye mstari kwa sehemu 4 za kumi za sekunde. Ule umati wote ukanyamaza. Norway ilikuwa imepata medali ya fedha, na uwanja ukawa kama matanga. Nadhani mtu aliyeusikia ukimya ule, tena kutoka kwa watu wake, hujua kitu ambacho mshindi wa siku zote hakijui.

Ukimya wa namna hiyo nimewahi kuusikia. Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilikuwa Kololo, hapa Kampala, nasi tulizitazama Kapchorwa kwenye ukumbi wa televisheni, shilingi 500 kwa kichwa. Cheptegei alikuwa anaongoza. Watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Kisha katika mzunguko wa mwisho miguu yake ikakataa, akaanza kuyumba kama mlevi, wakampita mmoja, wawili, kumi. Geoffrey Kamworor wa Kenya akashinda. Cheptegei akawa wa 30. Ukumbini mtu hakusema kitu, kisha watu wakaanza kutoka, na mwenye ukumbi akaweka mpira wa Uingereza. Kaka yangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliniuliza, "Amemaliza?" Nikamwambia sijui, wamebadilisha. Miaka 2 baadaye Cheptegei alishinda mbio hizo hizo kule Denmark, na kama mnavyojua hapo kila mtu alikuwa amemwamini tangu mwanzo.

Wanatheluji, kwa kusema kweli, wamefanya kungoja kuwe kama desturi yao. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, katika mbio za kilomita 15, German Madrazo wa Meksiko alifika wa mwisho akiwa ameshika bendera ya nchi yake. Pita Taufatofua wa Tonga na wenzake wengine waliokuwa wamemaliza mbele yake kidogo tu walikuwa wanamngoja, wakambeba mabegani. Dario Cologna wa Uswisi, mwenye dhahabu, naye alikuwepo kumpa mkono. Nilipoiona picha ile nilifurahi, kisha nikashuku kidogo. Kufikia mwaka 2018 kila mtu anajua kamera inapenda nini. Kule Nagano, Dæhlie hakuwa na mfano wa kuiga.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani nikiwa nimeihifadhi video ya Boit kwenye simu. Kaka yangu siku hizi ana bodaboda. Hubeba viazi na watu, na hesabu zake za Kiswahili na wachuuzi wa Kenya ni za haraka kuliko zangu zote za chuoni. Nilimkuta anakaza mnyororo nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Kaka, kuna kitu nataka ukione." Alifuta mikono kwa suruali, akachukua simu.

Alitazama bila kusema. Alipofika mwisho alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Akatazama tena pale ambapo Dæhlie anamkumbatia Boit.

"Huyu ndiye aliyeshinda?"

"Ndiye."

"Na ana baridi huyu. Angalia. Hajavaa koti."

Sikuwa nimeliona hilo, wala sina uhakika kama alivyosema ndivyo, maana picha ni mbaya. Nikamwambia, "Kaka, siku ile ya mbio za shule, sweta lako nilikuwa nalo mimi." Nilikuwa nimelitayarisha neno hilo kwenye basi tangu Mbale, lakini lilitoka likiwa limekatika katikati, na sehemu ya kuomba msamaha ikabaki kooni.

"Najua ulikuwa nalo," alisema. "Ningelitoa wapi?"

Akanirudishia simu, akainama tena kwenye mnyororo. Baada ya muda akasema niende ndani nikalete spana namba 14, iko chini ya kitanda chake, na nisikawie kwa sababu ana abiria wa saa 10 anayemngoja barabarani. Nilikimbia. Nilirudi nayo nikihema, akaitazama, akacheka: nilikuwa nimeleta namba 12.